Twende Kisiwa Gani?

Kila mwezi wa Juni unapokaribia, simu yangu huanza kupokea ujumbe kutoka Tanga na Dar es Salaam. Mpwa wangu ana likizo, rafiki amepata viza, jirani wa zamani anaoa na anataka fungate Ulaya. Wote huuliza jambo moja: Italia ina visiwa vingi, twende kipi? Miaka ya nyuma jibu lilikuwa mdomoni kabla muulizaji hajamaliza. Siku hizi huanza kwa kumuuliza yeye: unakuja mwezi gani, utalala siku ngapi, na ungependa kukutana na nani?

Nilikuja Napoli kufundisha Kiswahili, lugha ambayo Chuo Kikuu cha L'Orientale cha mji huo kimekuwa kikiifundisha kwa miongo mingi. Chini ya mji ipo bandari. Gati la Molo Beverello hutoa boti za mwendokasi, na jirani yake, Calata Porta di Massa, huondoka feri kubwa zinazobeba magari. Capri, Ischia na Procida ziko palepale mbele ya macho, na hakuna hata moja iliyo mbali kuliko safari ya asubuhi. Mimi nimekulia Tanga, ambako kisiwa cha Toten kimekaa mbele ya bandari na Pemba iko ng'ambo ya maji, kwa hiyo kuishi karibu na visiwa bila kuvifikia nisingeweza.

Mwanzoni tulichagua kwa picha, na picha zote zilituelekeza Capri. Sina neno baya la kukisemea kisiwa kile. Ni kidogo, kilomita za mraba kumi hivi, na majabali yake yanashuka wima hadi baharini. Katika Pango la Buluu unahamia kwenye kidau na kulala chali, kwa sababu mlango ni mfupi mno. Mpiga makasia hushika mnyororo uliofungwa mwambani, akavuta, na ghafla maji yanang'aa kutoka chini. Mwanga wa jua hupenya kupitia uwazi mwingine ulio chini ya maji, ndiyo maana bahari inaonekana kama imewashwa kutoka ndani. Bahari ikichafuka, pango hufungwa. Juu, kwa wenye miguu, kuna magofu ya Villa Jovis, kasri la Kaisari Tiberio, aliyehamia Capri mwaka 27 na kuiendesha dola ya Roma kutoka kisiwani mpaka alipofariki mwaka 37. Tulipanda hadi pale kila tulipokwenda, na kila mara mke wangu aliuliza vipi amri ya kifo ilivuka maji yale kufika Roma.

Kilichonifanya nianze kufikiri upya kilikuwa foleni ya boti ya jioni. Tulisimama gatini Marina Grande, wageni wenye kofia na mifuko ya madukani, na katikati yetu walikuwapo wapishi, wahudumu wa hoteli na mafundi bomba. Hao hawakuwa wakirudi matembezini, walikuwa wakirudi kulala bara. Mpishi mmoja aliniambia amefanya kazi Capri muda mrefu, lakini kodi ya chumba kule hawezi kuimudu. Nikajiuliza usiku ule, tukiwa njiani, ni nani basi anayebaki kisiwani wageni tunapoondoka.

Jibu nililipata Procida, na nililipata Februari. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa kisiwa hicho, alitualika kwao wakati hakuna mgeni hata mmoja. Ndani ya feri walikuwamo walimu wakisahihisha madaftari, friji mpya iliyofungwa kamba, mifuko ya saruji, na bibi mmoja anayetoka kliniki huku mwanawe amembebea picha za eksirei. Ile meli kwao ni daladala. Procida ina ukubwa wa takriban kilomita nne za mraba na wakazi wapatao 10,000, na kwa vizazi vingi imepeleka wanaume wake baharini. Chuo cha ubaharia kipo hapohapo kisiwani. Baba wa mwenyeji wetu alikuwa mmoja wa mabaharia hao. Nilipomtajia Tanga, mzee aliweka uma chini. Alikuwa amefika kupakia mkonge, na akaeleza vizuri jinsi meli ilivyotia nanga mbali na gati, na matishari yakaenda na kurudi yamejaa marobota. Aliyakumbuka mambo ambayo vijana wa kwetu wa leo hawayajui. Akanilisha malimau ya Procida, yale yenye nyama nyeupe nene: humenywa ganda la njano tu, yakakatwa vipande, yakachanganywa na mafuta ya zeituni, nanaa na pilipili. Nikamwambia kwetu hayo tunayafanyia embe bichi.

Siku ile tulitembea hadi Terra Murata, juu kabisa, kulitazama gereza la zamani lililofungwa mwaka 1988, kisha tukashuka Corricella, bandari ya wavuvi yenye nyumba za rangi ambako filamu ya Il Postino ilipigwa kwa sehemu mwaka 1994. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, Procida ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Italia, kisiwa cha kwanza kidogo kupewa heshima hiyo. Nilifurahi kwa ajili yao, na mwenyeji wetu alifurahi, ingawa aliniambia pia kwamba vijana wanaotaka kuoa sasa wanashindana na wageni kupata nyumba ya kupanga. Hilo mtu anayepanga likizo inampasa alijue, kwa sababu chumba anacholala mgeni ni chumba ambacho mwenyeji amekikosa.

Baada ya Procida tukawa tunasoma ratiba za meli za majira ya baridi kabla ya kutazama picha yoyote. Meli ikienda kila siku mwezi wa Januari, maana yake shule ipo, nesi yupo, na tanuri la mikate linawashwa alfajiri. Kwa kipimo hicho tulikwenda Ischia Novemba, tukaoga katika maji ya moto yanayotoka ardhini, na tukaona nyufa za mji wa Casamicciola, ambao mtetemeko wa mwaka 1883 uliuangusha na kuua watu zaidi ya 2,000. Kwa kipimo hichohicho tulifika Salina, mojawapo ya visiwa saba vya Eolie kaskazini mwa Sicilia, ambako kila familia ina ndugu Australia tangu mizabibu ilipokufa kwa wadudu mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wa pale wanaijua Melbourne kuliko wanavyoijua Roma.

Ponza ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Tulikwenda kwa sababu ya ratiba, kama tulivyozoea, tukitokea Formia. Ni kisiwa cha miamba myeupe na ghuba za kijani, na kwa siku ya kwanza tuliogelea tu. Siku ya pili mwenye mkahawa, alipojua tunatoka Afrika Mashariki, alituonyesha upande wa Santa Maria na kututajia jina la Ras Imru. Nilishtuka kulisikia pale. Ras Imru ndiye ambaye Mfalme Haile Selassie alimwacha kuwa kaimu wake alipoondoka Ethiopia mwaka 1936. Alipigana na Waitalia hadi Desemba ya mwaka huo, akakamatwa, akaletwa Ponza kifungoni. Kisha Julai 1943 Mussolini alipopinduliwa, naye aliletwa Ponza chini ya ulinzi, na wenyeji husimulia kwamba aliwekwa katika nyumba ileile aliyofungiwa Ras Imru. Mwaka huohuo Ras Imru alirudi kwao.

Nilirudi Napoli nikaanza kusoma, na ramani yangu ya visiwa ikageuka. Ventotene, jirani wa Ponza, palikuwa mahali pa kuwafungia wapinzani wa Ufashisti; ndipo Altiero Spinelli na Ernesto Rossi walipoandika mwaka 1941 ilani yao ya Ulaya iliyoungana, na Ursula Hirschmann akaipenyeza bara. Mbele yake kuna Santo Stefano na gereza lake lililojengwa mfano wa kwato ya farasi ili mlinzi mmoja aone vyumba vyote. Sandro Pertini alifungwa humo, na mwaka 1978 akawa Rais wa Italia. Haya watoto wa Italia wanafundishwa. Yasiyofundishwa sana ni kwamba mwaka 1911, Italia ilipoivamia Libya, maelfu ya Walibya walikamatwa Tripoli na kusafirishwa hadi visiwani: Ustica, Favignana, Ponza, Tremiti. Tremiti peke yake walipelekwa zaidi ya elfu moja, na mamia wakafa kwa maradhi. Tulipofika kisiwa cha San Nicola katika Tremiti tulisimama mbele ya kumbukumbu yao wakati vijana wakipiga mbizi chini ya jabali, na sikuona ubaya wowote kwa vijana wale. Nilitamani tu mtu awapandishe dakika kumi wasome.

Lampedusa tuliiahirisha muda mrefu. Kisiwa hicho kiko karibu na Tunisia kuliko Sicilia. Tarehe 3 Oktoba 2013 mashua iliyotoka Libya ilizama ikiwa karibu kabisa na ufukwe wake, na watu 368 wakafa, wengi wao Waeritrea. Mke wangu, mzaliwa wa Pangani, aliniambia wazi kwamba hawezi kuoga katika maji yale. Sikumlazimisha. Kisha mwaka mmoja akasema yeye mwenyewe: twende, angalau tuwazuru. Tulipanda meli ya usiku kutoka Porto Empedocle, tukapita Linosa alfajiri, tukashuka. Tulikwenda makaburini kwanza. Kuna makaburi yasiyo na jina kabisa. Alisoma Fatiha, na kwa wale ambao huenda walikuwa Wakristo akasimama tu kwa heshima.

Mama aliyetupangisha chumba alituambia kwamba watu wa mbali wanakijua kisiwa chao kwa taarifa ya habari, wanakiogopa, na woga huo unawaumiza mara mbili: kwanza wao wenyeji wanaoishi kwa uvuvi na wageni, pili marehemu, ambao hukosa wa kuwatembelea. Nakubaliana naye kwa moyo wangu wote. Mgeni anayekula samaki wao, akauliza maswali, akafika hadi lango la kumbukumbu lililojengwa na msanii Mimmo Paladino mwaka 2008 likitazama Afrika, anakitendea kisiwa kile haki. Siku ya tatu mke wangu aliingia baharini. Aliogelea hadi mbali, kama anavyoogelea kwao.

Mwaka huu mpwa wangu ameandika: "Shikamoo mjomba, mimi nataka Capri." Nimemjibu marahaba, Capri ataiona, alale hapo usiku mmoja ili akione kisiwa boti za mwisho zikishaondoka. Baadaye atafuatana nasi hadi Sardinia, tuvuke kutoka Stintino kwenda Asinara. Ni hifadhi ya taifa sasa, yenye punda weupe na fukwe ambazo miaka ya gereza iliziweka mbali na wajenzi wa hoteli. Mwaka 1937 waliletwa huko mamia ya Waethiopia, akiwemo Romanework, binti wa Haile Selassie, pamoja na wanawe; yeye hakurudi nyumbani, alifariki Torino mwaka 1940. Mpwa amejibu kwamba hajawahi kulisikia jina hilo, na ameuliza kama boti ya kwenda Asinara inahitaji kulipiwa mapema. Wakati wa kiangazi, ndiyo, na siku nzima kule haitoshi, kwa hiyo nimeanza kutafuta mahali pa kulala.