Vidole viwili vilivyoshonwa pamoja

Najua nimepotea. UE ilipoisha nilipanda treni la Mpanda nikidhani nakwenda Majengo kulala tu. Wapi! Siku ya tatu mdogo wangu karudi kutoka karakana ya useremala, mashine ya randa imemla nyama ya kidole cha shahada upande wa kiganjani, kano inaonekana nyeupe. Na jirani alishammwagia unga wa kahawa. Duh!

Mimi si ndiye daktari wa ukoo (mwaka wa tatu, jamani!). Nikamtangazia mama: watachota ngozi pajani, watabandika, kwisha. Hospitalini daktari akaniuliza swali moja tu: "Hiyo ngozi itakula nini?" Kimyaa. Ngozi ya kubandika inakuja bila damu yake. Siku mbili za mwanzo inafyonza majimaji ya kidonda, halafu ndiyo vimishipa vinaingia. Juu ya kano iliyovuliwa utando wake inakufa njaa. Nililisoma hilo, nikafaulu, nikasahau.

Njia ya mkato ilikuwa kukata kidole. Dogo akagoma, penseli ataishikaje?

Basi wakachana ngozi ya mgongo wa kidole cha kati pande tatu, upande wa nne wakauacha uendelee kuleta damu. Wakaifunua kama ukurasa wa daftari, wakailaza juu ya kidonda cha jirani yake. Pengo lililobaki huko nyuma ndilo likapewa ile ngozi yangu ya pajani, angalau sikuaibika kabisa. Vidole vikakaa vimeshonwa pamoja wiki mbili.

Mama hakulala. "Kimeumia kimoja, mbona wamefunga viwili?" Nikamweleza hadi nikachoka. Nikamwambia hata Amref, wale madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na mabingwa watatu wa upasuaji wa namna hii: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Akanijibu, "Hao ndio waliomshona mwanangu?"

Walipovitenganisha, ngozi ilikuwa nyekundu, hai. Ila vidole vimekakamaa, na ile ngozi mpya haijui moto: alishika kikombe cha chai mpaka mama akapiga kelele.

Jana kanitumia picha, kashika penseli, anapiga mstari kwenye ubao wa mninga. Hakikunji chote bado. Bumu likitoka nitamtumia nauli ya kliniki. Haya, lekcha saa mbili, nimechelewa tayari!