Mwili Hauachwi Mlangoni

Aghalabu husemwa kwamba anayeingia katika uhalisia pepe, yaani ulimwengu unaoundwa kwa kompyuta, huuacha mwili wake nje na kuingia kwa macho tu. Osmose, kazi ya msanii Char Davies wa Kanada iliyoonyeshwa Montréal mwaka wa 1995, inaikanusha dhana hiyo.

Katika kazi hiyo, mtazamaji huvishwa kofia yenye skrini mbele ya macho, pamoja na kizibao kinachopima kupanuka kwa kifua na mwinamo wa kiwiliwili. Hashiki kitu mkononi. Akivuta pumzi, hupaa, akiishusha, huzama, akiinama mbele, husonga. Hivyo ndivyo anavyopita msituni, akatumbukia kidimbwini na kupenya chini ya udongo. Davies alikuwa mpiga mbizi, na mantiki ya kazi yake imetoka majini, ambako pumzi ndiyo usukani. Asiyeituliza pumzi yake hatulii popote.

Je, huyu bado ni mtazamaji? Istilahi hiyo inampunja, maana macho ni sehemu tu ya kazi anayoifanya. Wanafasihi simulizi wanayo istilahi mwafaka zaidi: hadhira tendi. Nao walio nje, wanaoifuata safari yake kwenye skrini na kukiona kivuli cha mwili wake kwenye pazia, ndio hadhira tuli.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka. Fanani wa ngano huisoma hadhira yake: ikichoka, hufupisha, ikicheka, hutia chumvi. Kompyuta huipokea pumzi na kuitii, lakini haiguswi nayo. Kati ya wawili hao, mwenye kubadilika ni mwanadamu peke yake.

Fauka ya hayo, mwili una sauti yake. Katika sanaa za aina hii, macho yakidai kwamba mtu anasafiri ilhali sikio la ndani linajua kwamba amesimama, kisunzi na kichefuchefu huweza kumshika. Huo si udhaifu, bali ni ushahidi kwamba mwili haudanganyiki kwa urahisi.

Kiswahili, lugha ambamo kupumua na kupumzika ni ndugu wa shina moja, kina la kusema hapa. Wanaounda istilahi za sanaa hii mpya wasikimbilie macho pekee; na waanzie kwenye pumzi.