Tundu la Sindano

Uwanda wa Basotu, wilayani Hanang, umeona mitambo mingi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO yalilimwa kwa matrekta palepale Wabarabaig walipokuwa wakilisha ng'ombe. Mitambo huzeeka, na mzee hahitaji dharau bali uangalizi.

Mwaka 1996, nikiwa likizoni, nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani kando ya trekta kuukuu la mkulima mmoja, lenye kijiko mbele. Oili ya haidroliki ilikuwa ikidondoka karibu na gurudumu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ungekuwa wewe ungefungua wapi?"

"Marahaba." Nikamwonyesha lilipoangukia tone. Akatabasamu.

"Hapo linaangukia, Mwalimu. Halitokei hapo."

Siku ile mwalimu alikuwa yeye. Kwanza mtambo huoshwa na kukaushwa, kwa maana oili hutambaa juu ya chuma, vumbi likainasa, hata kila mahali pakaonekana pamevuja. Kisha injini huwashwa, kijiko kikanyanyuliwa mara chache, na fundi hutazama panapolowa kwanza. Penye mashaka, baada ya kuzima injini, alinyunyiza unga wa chaki niliyokuwa nayo mfukoni. Palipolowa pakabadilika rangi. Akanieleza kuwa fimbo ya silinda iliyokwaruzika hula sili, na mpira uliopigwa jua miaka mingi hufanya nyufa. Kijiko kikishuka chenyewe na nje pakavu, basi huenda oili inapita ndani, kwenye sili ya pistoni au kwenye vali.

Chaki ilituelekeza kwenye mpira mmoja. Akawasha injini tena, akaupapasa kwa mkono mtupu. Akaruka. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na tundu kama la sindano, wala damu haikutoka.

"Si kitu, mwanangu," nikasema. "Funga kitambaa tumalize kazi."

Sikujua kwamba humo oili husukumwa kwa nguvu inayozidi ya upepo wa tairi la gari zaidi ya mara 50, na kwamba ikipenya chini ya ngozi huozesha nyama kimyakimya. Jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali saa ileile, hata kama haliumi. Na mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi, mkono ukiwa mbali.

Usiku mkono ulivimba. Tulifika hospitali kesho yake alasiri, na kidole kikakatwa. Daktari aliuliza kwa nini alichelewa. Kijana akajibu kwamba hakuona kuwa ni jambo kubwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikanyamaza.

Hadi leo ananipa mkono uleule tukikutana. Wanaomwona husema kidole kilipotelea hospitalini. Hapo kiliangukia tu. Kilianza kupotea kule shambani, kwa neno langu.