Nishani Isiyo na Jina

Mtunzi wa kale wa utenzi alikuwa na ada ya kulitia jina lake katika beti za tamati, pamoja na mji wake na mwaka wa utunzi, ili kazi yake isizagae yatima. Nishani za vita nazo zina tamati yake, ambayo ni ukingo wa chuma. Mkusanyaji mwenye ujuzi hashughulishwi kwanza na sura ya mfalme. Huilaza nishani kiganjani, akaigeuza ielekee mwanga, akausoma ukingo.

Nishani ya fedha waliyoitoa Waingereza kwa vita vya 1914 hadi 1918 ina kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi ambaye farasi wake aikanyaga ngao ya adui. Ukingoni hupigwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Basi nishani kama hiyo ikizuka leo Shinyanga au Geita, mtafiti ana pa kuanzia. Ila fedha ina hasimu wake, naye ni kalibu ya sonara. Bei ya fedha ilipopaa mwanzoni mwa 1980, nishani nyingi za aina hii ziliyeyushwa duniani, na majina yakayeyuka nazo.

Vita hivyo vilifika Usukumani kwa miguu. Julai 1916 Waingereza waliutwaa Mwanza, kisha wakateremka kusini kupitia nchi ya Shinyanga, na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya, lilikuwa na batalioni tatu tu vita vilipoanza. 1918 zilikuwa 22, na katika batalioni ya sita waliandikishwa hata askari waliokuwa wa Mjerumani jana yake. Wapagazi wao waliacha jina la soko, Kariakoo, na wengi wao hawakuacha jina jingine lolote.

Husimuliwa kwamba 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo yao, wazee mia tatu na ushei walikusanyika Mwanza, na wenye vyeti walikuwa wachache. Mwenye kulipa akamshikisha kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakushindwa hata mmoja. Iwe imetokea hivyo au imetiwa chumvi, hadithi hiyo imedumu kwa sababu ina ukweli wake: karatasi zilikuwa zimepotea, na ushahidi uliosalia ulikuwa umo mwilini mwa mtu.

Vita vya pili vilileta shida nyingine. Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000. Batalioni za 26 na 36 za Keya, za Watanganyika, zilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 zilipita bonde la Kabaw katika mvua, tope na malaria, hata divisheni ikauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Na si wote waliofika. Meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Marehemu Sheikh Shaaban Robert alivitungia vita hivyo Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti 3,000, uliotoka kitabuni 1967. Lakini askari mmoja mmoja hakupata hata ukingo. Nyota ya Burma ina pembe sita, na utepe wake ni wa buluu iliyoiva, nyekundu katikati kwa ajili ya majeshi, na mistari ya rangi ya chungwa kwa ajili ya jua. Waingereza waliigawa bila kuipiga jina. Nyota ya koplo wa Shinyanga na ya kapteni wa London zimetoka kalibu moja, wala hazitambulikani.

Tumchukulie mjukuu wa Kambarage, mjini Shinyanga, aliyeikuta nyota hiyo sandukuni. Katika nchi ya dhahabu na almasi kila mtu anajua mizani, na mizani itamwambia kwamba hii ni shaba na zinki, haifai kuyeyushwa. Mnunuzi wa ng'ambo atamwambia kwamba nyota tupu ni nyingi, na kinachotakiwa ni cheti cha kuachishwa jeshi chenye jina na namba. Akiuza cheti huku na nyota kule, amekata ulimi wa vyote viwili.

Lipo jambo zito zaidi. Kama babu angalifia Burma na kaburi lake lisijulikane, mjukuu angaliweza kumtafuta katika mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon, penye majina karibu 27,000 yaliyochongwa katika mawe. Babu huyu alirudi salama, akalima pamba, akafuga ng'ombe, akazikwa kwao. Kwa kurudi kwake, jina lake halikuchongwa popote, na nyota aliyokuja nayo haimtaji.

Hivyo kazi ya mtafiti inaanzia kwa bibi na kwa wazee wa rika lake, kabla ya kwenda kwenye majalada ya London. Jina la babu, jina la baba yake, kijiji, kikosi, na wimbo aliokuwa akiuimba akilewa: haya yaandikwe kwa wino, karatasi ikunjwe, ifungwe pamoja na utepe. Nyota haitaongeza uzito, ila atakayeirithi atajua ilikuwa ya nani.