Si Kila Kijani ni Msitu

ASUBUHI ya siku ya kwanza, mhadhiri aliwakusanya wanafunzi wake kando ya barabara pale Tukuyu, akawafunulia picha ya Wilaya ya Rungwe iliyopigwa na setilaiti. Ilikuwa kijani kitupu, tangu mashamba ya chai hadi mabega ya mlima. "Kazi yetu," aliwaambia, "ni kuuliza kijani hiki ni cha nini."

Nilikuwa nimetumwa na gazeti kufuatana nao kwa siku tatu. Nilikubali upesi, maana huko ndiko nilikozaliwa. Sikujua kwamba safari ile ingenifikisha mpaka kwenye shamba la marehemu baba yangu.

Ndugu msomaji, kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuifanya. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972. Katika picha zake nyingi, doa moja huchukua eneo la mita 30 kwa mita 30. Kwetu Rungwe, eneo la namna hiyo hutosha nyumba, migomba, mibuni na miparachichi. Hivyo hapana budi watu waende kwa miguu kuhakikisha. Vijana wale waliteremka mabonde yenye utelezi, wakapima viwanja kwa kamba, wakazungushia kila mti utepe kwenye kimo cha mita 1.3, kisha wakajaza fomu: msitu wa asili, msitu wa kupandwa, mazao ya kudumu, makazi.

Wasidhani wasomaji kwamba vyombo hutosha peke yake. Mwaka 2003 wataalamu walimwona katika misitu ya mlima Rungwe nyani ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Waliosema kwanza habari zake ni wawindaji wa huko huko, na hata jina lake, kipunji, ni la wenyeji.

Siku ya tatu, alama moja iliangukia bondeni nyuma ya nyumba yetu. Mama alitoka na jembe mkononi.

"Shikamoo, Bibi," vijana waliamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnapima nini?"

"Tunapima miti, Bibi."

Ilikuwa milingoti mirefu, iliyonyooka, imepangwa kwa mistari. Binti mmoja aliandika: msitu wa kupandwa. Kisha akauliza, kama fomu ilivyomtaka, palikuwa na nini hapo zamani.

Mama alinitazama kabla ya kujibu. "Palikuwa na mikuyu, na chemchemi chini yake. Nyumba saba zilichota hapa. Baba yake huyu alikata mikuyu, akapanda hii. Maji yakapungua mwaka hata mwaka, mpaka yakakoma."

Nilitazama chini. Milingoti ile ndiyo iliyouzwa nguzo na kuni, na fedha zake ndizo zilizolipa ada yangu ya stashahada ya uandishi wa habari. Kwa miaka mingi nimeandika juu ya utunzaji wa vyanzo vya maji. Nimewakumbusha wananchi kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sikuwahi kuandika kwamba kalamu yangu ilinunuliwa kwa chemchemi ya majirani.

"Nifute, Bibi?" binti aliuliza, alipoona nimenyamaza.

"Usifute," mama alisema. "Baba yao hakuwa mwovu. Alikuwa na watoto watano na ekari moja. Lakini andika palikuwa na maji."

Binti akaandika.

Usiku ule niliwapigia simu ndugu zangu. Mlingoti ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Kwa hiyo kuukata tu hakutoshi, lazima visiki ving'olewe. Tulibishana sana, kwani mmoja wetu bado anasomesha. Hatimaye tulikubaliana kuanza na mistari iliyo karibu na chemchemi, na kupanda mikuyu mahali pake. Kama maji yatarudi, hakuna aliyetuahidi.

Picha ijayo ya setilaiti itaonyesha bonde letu lina kijani pungufu. Nawaomba wataalamu wasihesabu hiyo kuwa hasara kabla ya kumwuliza mama.