Gari la Mirathi na Gia Zinazogonga

Jambo tuliloitiwa Runyenjes lilikuwa la mirathi, wala si la ufundi. Mjane mmoja, aliyetoka edani si muda mrefu, alitaka tumsaidie kugawa alichoacha marehemu: shamba dogo, na pikapu kuukuu ya Chevrolet ya miaka ya 1970, yenye gia za otomatiki, iliyokuwa ikibeba ndizi na makadamia hadi soko la Embu. Ana watoto, kwa hiyo fungu lake ni thumuni; kinachobaki ni chao, na wawili kati yao hawajabaleghe.

Mnunuzi alikwisha kuja na bei ya chuma chakavu. Hoja yake ilikuwa kwamba gari huchelewa kubadili gia, kisha hushtuka kama lililopigwa teke. Tena hutoa moshi mweupe. Giaboksi imekufa, akasema, na injini inaifuata. Fundi wa kwanza aliyeonyeshwa alikubaliana naye. Sisi tuliona ajabu kwamba vyote viwili vife kwa pamoja, na mali ya mayatima haiuzwi kwa kukisia. Tukamwomba mzee mmoja, fundi aliyezoea magari ya aina hiyo, alitazame kabla hatujaandika thamani yoyote.

Alianza na lisilo na gharama. Alilisimamisha mahali tambarare (si kazi ndogo katika vilima vile), akatia kabari magurudumuni, akaliwasha mpaka likapata moto, akaupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha kwenye P. Injini ikingali inanguruma, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta yalikuwa mekundu, hayanuki kuungua, ila yalikuwa chini mno ya alama. Rangi ile ilikuwa habari njema. Yangekuwa meusi, yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma, tungejua kwamba sahani za ndani zimelika, na hapo mnunuzi angekuwa na hoja.

Lakini mafuta yalikwenda wapi? Chini ya gari hapakuwa na tone.

Mzee akatuonyesha kikopo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambacho mafundi hukiita moduleta. Ndani yake mna utando wa mpira, na bomba jembamba hukiunganisha na injini. Injini ikifanya kazi nyepesi huvuta hewa kwa nguvu kupitia bomba hilo, na gia hubadilika mapema na kwa ulaini. Gari likipanda mlima na mzigo, mvuto hupungua, na giaboksi huongeza shinikizo la mafuta na kuchelewesha gia. Utando ukipasuka, giaboksi hudhani gari linapanda mlima hata likiwa tambarare, ndipo gia hugonga. Injini nayo, kwa kuendelea kuvuta, huyafyonza yale mafuta mekundu na kuyachoma. Huo ndio moshi mweupe.

Akaichomoa ncha ya bomba na kuiinamisha juu ya kiganja cha mjane. Mafuta mekundu yakadondoka. “Mama,” akamwambia, “giaboksi yako haijafa. Injini inaiibia mafuta.”

Mama zetu na dada zetu mnaomiliki magari ya zamani, mkiambiwa giaboksi imekwisha, ombeni kwanza muonyeshwe kijiti, kisha bomba hilo. Likiwa kavu lakini lina ufa, huenda kipande kipya cha mpira kikatosha. Si kila otomatiki ina moduleta. Nyingine hutumia waya utokao kwenye kabureta, na waya huo ukilegea, gia huvurugika vilevile. La kuepuka ni kuendelea kuliendesha mafuta yakiwa pungufu, kwani hapo ndipo sahani huungua kwelikweli.

Moduleta ilipatikana Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kuibadili kulichukua muda mfupi kuliko mazungumzo yetu na yule mnunuzi. Baada ya juma moja mafuta yalipimwa tena, yakawa palepale kwenye alama, na moshi umekoma. Bei ya chuma chakavu haikutajwa tena, ingawa warithi hawajaafikiana kama gari liuzwe au liendelee kubeba ndizi.