Mbio za Ndege Ndogo Iliyoundwa Nyumbani

Mara kwa mara magazeti yetu hutoa picha ya kijana aliyejiundia ndege nyuma ya nyumba yao, kwa mabomba ya chuma na turubai. Umati humzunguka, na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Injini yake ni ya nini?" Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza umbo lake likoje. Kwa ajili ya swali hilo la pili nimeshika kalamu.

Huko Marekani kujiundia ndege si jambo la ajabu. Chama cha waundaji hao, kiitwacho EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, na kila mwaka wanachama wake hukusanyika katika mji wa Oshkosh, wengine wakiwasili na ndege walizozitengeneza kwa mikono yao. Nimesoma habari zao katika vitabu alivyoniazima mwalimu wetu wa fizikia, na nimeona kwamba wana ugonjwa mmoja. Mtu akishamaliza ndege yake, kabla rangi haijakauka vema, huanza kutafuta namna ya kuiongezea mbio.

Njia anayoifikiria kila mtu kwanza ni kutia injini kubwa zaidi. Njia hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana. Ndege iendapo kasi, upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo wake, na nguvu inayotakiwa kuushinda hukua kwa mchemraba. Ichukueni ndege yenye nguvu za farasi 100 iendayo kilometa 200 kwa saa. Ukitaka iende 220 tu, itakudai nguvu 133. Ukitaka iende 400, itakudai nguvu 800, na injini ya namna hiyo ni nzito kuliko ndege yenyewe! Tena injini kubwa hunywa petroli nyingi, petroli ni mzigo, na mzigo huhitaji bawa la kuubeba. Lakini ukiiacha injini ile ile ya 100, ukapunguza upinzani wa hewa uwe nusu, ndege itafika karibu kilometa 250 kwa saa bila kuongeza hata tone la petroli.

Hesabu hii niliifanya usiku mmoja wakati wa kujisomea, nikairudia mara tatu, maana nilikuwa na mtu wa kumwonyesha. Kaka yangu ni fundi wa pikipiki, na ndiye anayenilipia mahitaji ya shule tangu baba alipofariki. Wakati wa likizo humsaidia kazi chini ya mwembe. Yeye huamini kwamba mbio ni injini, basi. Pia huamini kwamba nikimaliza Kidato cha Nne mwaka huu inatosha, nirudi tufanye kazi pamoja. "Hiyo fizikia yako, bwana mdogo," aliniuliza likizo iliyopita, "itaongeza nini hapa?" Sikumjibu wakati ule, kwa heshima, na kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki. Anayeuliza ndiye anayetoa fedha.

Basi nasimulia habari za Mike Arnold wa California. Bwana huyu aliunda ndege ya mtu mmoja aliyoiita AR-5, kwa povu gumu na nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Injini yake ilikuwa Rotax ya silinda mbili, ya namna ile ya kuchanganya oili na petroli, yenye nguvu za farasi 65 tu. Mwaka 1992 ndege hiyo iliweka rekodi ya dunia katika daraja la ndege zisizozidi kilo 300, kwa kwenda maili 213 kwa saa, yaani kilometa 343. Ilinganisheni na Cessna 172, ambayo wengi wetu tumeiona ikipita juu: injini ya nguvu 160, na husafiri kwa karibu kilometa 225. Ni kweli kwamba Cessna hubeba watu wanne na ile ya Arnold mtu mmoja. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno.

La kushangaza zaidi, AR-5 haikukunja magurudumu yake. Yalining'inia chini safari nzima, lakini yamevishwa viatu vyenye umbo la tone la maji. Pale bawa linapokutana na mwili, mahali ambapo hewa hupenda kuvurugika, alipajaza pakawa na mviringo laini. Hakuacha ufa, wala kichwa cha skrubu, wala bawaba iliyochomoza. Upinzani wote wa ndege ile ulikuwa sawa na wa kipande bapa kisichofikia futi moja ya mraba, tuseme kigae kimoja cha sakafu kilichosimamishwa mbele ya upepo. Hakuna uchawi hapo. Ni msasa, macho makali, na subira ya miaka.

Siku ya wazazi kutembelea shule, kaka alikuja. Nilimpeleka maabara, kwa ruhusa ya mwalimu, ambako mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumetundika vijiti viwili kwa nyuzi mbele ya feni. Vilikuwa na unene mmoja. Kimoja ni cha duara kama mpini wa jembe. Cha pili tulikichonga mfano wa samaki, kichwa butu mbele na mkia mwembamba nyuma. Tulipowasha feni, cha duara kilisukumwa nyuma, na kile cha samaki kikatikisika kidogo tu. Vitabu husema kwamba kijiti cha umbo hilo, kikichongwa vema, hupata karibu sehemu moja ya kumi ya upinzani wa kile cha duara. Watu wengi hudhani kwamba ncha kali ya mbele ndiyo ipasuayo hewa, kumbe kazi kubwa iko mkiani, ambako hewa yapaswa kurudi mahali pake taratibu.

Kaka si mtu wa kudanganywa. Alivivua vijiti, akavipima mkononi ili aone kama kimoja ni kizito. Tulikwisha kuvisawazisha kwa misumari. Akavirudisha, akawasha feni mwenyewe mara mbili. Kisha akauliza jambo ambalo sisi watatu hatukuwa tumelifikiria: "Mkiziba kila tundu ili hewa isishike, injini itapoa kwa nini?"

Mwalimu alicheka kwa furaha, akasema hilo ndilo swali la fundi. Hewa ya kupoza injini huiba sehemu kubwa ya mbio za ndege ndogo, hasa tundu la mbele likiwa kubwa kuliko haja. Dawa yake ni mdomo mdogo, kisha chumba kinachopanuka ili hewa ipunguze mwendo na kukaza shinikizo, ipite kwenye mapezi ya silinda au kwenye rejeta, halafu njia isinywae tena ili hewa itoke kwa kasi kuelekea nyuma. Mwaka 1935 mtaalamu wa Uingereza, F. W. Meredith, alionyesha kwamba hewa hiyo, kwa kuwa imepata joto, yaweza hata kusukuma ndege kidogo. Kaka aliomba achorewe. Mwalimu akachora.

Akauliza tena kama mtu anaweza kuendelea hivyo bila mwisho. Hawezi. Kila ndege ina mwendo usioruhusiwa kupitwa, nao huonyeshwa kwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo. Ukiupita, bawa au mkia huweza kuanza kutetemeka kwa mtetemo unaojilisha wenyewe, ukavunja ndege kwa muda wa sekunde chache. Kwa hiyo aliyepata mbio kwa kulainisha mwili wa ndege ya zamani asidhani kwamba mifupa yake nayo imepata nguvu. Hapo fundi hukaa chini na karatasi, apige hesabu za ugumu wa bawa na uzito wa usukani kabla ya kuruka.

"Na hesabu hizo hufundishwa kidato gani?" kaka akauliza.

Nikamwambia huanza Kidato cha Tano. Hakusema neno. Aliniachia fedha ya sabuni, akamuaga mwalimu kwa mikono miwili, akaondoka na ule mchoro wa njia ya hewa, na pia kile kijiti cha samaki, ambacho mpaka leo hatujachonga kingine.